Maoni: Kode ya mtu mmoja inakufa pamoja na kompyuta yake

Kila mwaka, wakati wa kutetea TFC unapofika, kuta za vyuo vyetu vya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia zinajaa karatasi zenye majina ya wanafunzi na vichwa vya kazi zao. Kwa upande wa informatiki, vichwa hivyo vinafanana kama mapacha: programu ya kusimamia stoki ya famasi fulani, programu ya kuandikisha wagonjwa wa kituo fulani cha afya, programu ya kufuata malipo ya wanafunzi wa shule fulani. Kijana anavaa suti, anaonyesha programu yake ukutani, juri inauliza maswali, wazazi wanapiga makofi, kuna fanta na mandazi. Kesho yake kitabu kinaingia kwenye kabati ya maktaba, na programu inabaki ndani ya kompyuta ya kijana. Mwaka unaofuata, mwanafunzi mwingine anaanza kuandika programu ya kusimamia stoki ya famasi. Anaanza na ukurasa mtupu.

Tunapozungumza kuhusu vijana wa mashariki mwa Congo na informatiki, maneno yanayorudi ni yaleyale: umeme unakatika, mega ni ghali, kompyuta hazitoshi. Yote ni kweli, na hakuna mwandishi wa habari wa hapa atakayeyabisha. Kuna shule za sekondari ambako somo hilo bado linafundishwa kwa chaki: mwalimu anachora klavie ubaoni, wanafunzi wanaichora kwenye daftari, na siku ya mtihani wanaulizwa kila kitufe kinafanya kazi gani. Lakini hata pale ambapo kompyuta zipo, hata chuoni, kuna jambo moja ambalo wengi wanamaliza masomo bila kulifundishwa, na kulifundisha hakuhitaji pesa nyingi. Vijana wanafundishwa kuandika kode kila mtu peke yake. Hawafundishwi kuiandika pamoja. Wakifika kazini wanakuta kwamba programu kubwa iliyoandikwa na mtu mmoja karibu haipo.

Kwa asiyejua: kode ni maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ambayo kompyuta inaifuata, kama vile Python, PHP ao JavaScript. Ni maandishi tu. Unaweza kuyafungua na kuyasoma kama unavyosoma barua. Mimi nilianza kujifunza Python kwa sababu ya kazi yangu, ili nisiendelee kupanga kwa mkono majedwali marefu ya bei za soko na orodha za wagombea. Lugha yenyewe haikunishangaza sana. Ina sarufi yake, na sarufi inajifunzwa. Kilichonishangaza ni kuona kwamba watu wanaofanya kazi hiyo kila siku wanaishi kama sisi kwenye chumba cha habari. Mmoja anaandika, mwingine anasoma kabla kazi haijatoka, anauliza "hii umeitoa wapi?", anairudisha, inasahihishwa, ndipo inakubaliwa. Tofauti ni kwamba kwao kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya, saa yake, na sababu yake kwa sentensi moja. Kama vyumba vyetu vya habari vingekuwa na kumbukumbu ya namna hiyo, mabishano mengi yangekwisha kabla ya saa sita.

Chombo kinachoshika kumbukumbu hiyo kinaitwa Git, na historia yake inafaa kusimuliwa kwa mwanafunzi yeyote wa TFC. Mwaka 1991, kijana mmoja wa Finland, Linus Torvalds, mwenye miaka 21 na akiwa bado mwanafunzi huko Helsinki, alianza kuandika mfumo wa kuendesha kompyuta. Hakuufungia kabatini. Aliwaambia watu kwenye intaneti kwamba anafanya kazi hiyo, akaomba maoni yao, kisha akaiweka kode wazi ili kila mtu aisome na kuisahihisha. Mfumo huo ni Linux. Simu yoyote ya Android, hata ile ya bei ya chini inayouzwa Birere, ina kiini cha Linux ndani yake. Mwaka 2005, kampuni iliyokuwa imewaruhusu watu wa Linux kutumia bure programu ya kupanga mabadiliko yao iliondoa ruhusa hiyo. Torvalds akakaa chini mwezi wa Aprili, na ndani ya siku chache tu Git ilikuwa imeanza kufanya kazi. Miezi michache baadaye akaikabidhi kwa mtu mwingine, Junio Hamano, ambaye ndiye amekuwa akiisimamia tangu hapo. Hilo la kukabidhi, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote. Sisi tunajua sana kuanzisha; kuachia mwingine aendeleze ni habari nyingine.

Git inafanya kazi namna hii. Kila unapomaliza hatua ndogo, unaihifadhi pamoja na maelezo mafupi ya ulichobadilisha. Wenyewe wanaita hatua hiyo komiti, na haina undugu na komite ya kanisa ao ya mtaa. Ukitaka kujaribu wazo bila kuharibu kile ambacho tayari kinatembea, unafungua tawi pembeni. Wazo likizaa, unaliunganisha na shina. Lisipozaa, unalikata na hakuna aliyeumia. Watu wawili wakigusa mstari uleule, Git haichagui nani ana haki. Inasimama, inaweka maandishi ya wote wawili mbele ya macho yao, na kuwaacha wazungumze. Wengi wanachanganya Git na GitHub. GitHub ni tovuti iliyofunguliwa mwaka 2008, ambako watu wanaweka kode zao ili wengine wazione, na Microsoft iliinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Git yenyewe haina bei, na inafanya kazi bila GitHub, hata pasipo intaneti kabisa.

Sasa tuitazame Goma. Mji huu umekimbia mara ngapi? Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Novemba 2012, M23 iliingia. Mei 2021, volkano tena, na watu wakatoka usiku wengine wakielekea Rwanda, siku chache baadaye barabara ya Sake ikajaa. Januari 2025, M23 ikauchukua mji tena, na Februari ikafika Bukavu. Kila mara mtu anabeba watoto, matela na bahasha ya vyeti. Kompyuta, kama ipo, inaachwa, inaibiwa njiani, ao inauzwa kwa bei ya bure ili watu wale. Na kila kilichokuwa ndani yake kinakwenda nayo, pamoja na ile programu ya famasi iliyopigiwa makofi.

Vijana waliosoma pamoja mwaka 2024 leo hawako pamoja tena. Mmoja amebaki Goma, mwingine yuko Beni, wengine Kinshasa, Bujumbura, Kampala. Kama kazi yao ilikuwa ndani ya kompyuta moja, kikundi kimekwisha. Kama walikuwa wakitumia Git, kila mmoja ana nakala kamili: pamoja na hali ya leo, ana historia yote tangu mstari wa kwanza. Akifika salama mmoja wao tu na mashine yake, kazi yote imefika. Wahandisi wa Ulaya na Marekani wanaisifu Git kwa mwendo wake wa haraka. Kwetu sisi, sababu ya kuijifunza ni hii ya kukimbia.

Najua jibu litakalokuja: "Sawa, lakini mega?" Swali la haki. Lakini kode ni maandishi, na maandishi ni mepesi. Kazi ya miezi sita ya mwanafunzi mara nyingi ina uzito mdogo kuliko video moja ya harusi inayozunguka kwenye WhatsApp. Unaweza kuhifadhi hatua mia moja nyumbani bila kuunganishwa na mtandao, kisha siku ya posho ukapata mtandao kwa dakika tano na kutuma zote. Hata dakika tano zikikosekana, Git inaweza kufunga historia nzima ndani ya faili moja, ukaiweka kwenye flashi na kumpa rafiki anayepanda mashua kwenda Bukavu. Watu wa Linux wenyewe, mpaka leo, wanatumiana mabadiliko kwa barua pepe za kawaida. Asiye na kompyuta anaweza kuanza kwa simu ya Android: kuna programu ya bure iitwayo Termux ambayo ndani yake unaandika Python na kutumia Git. Kidole kinachoka, skrini ni ndogo, lakini inatembea.

Kizuizi ninachokiona kikubwa zaidi hakiko kwenye waya. Kiko kwenye haya.

Huku kwetu, kusahihishwa mbele ya wengine kunauma. Mdogo hamwambii mkubwa wake "hapa umekosea". Anazunguka, anatuma mtu, ao ananyamaza. Na mkubwa akisahihishwa na mdogo, jioni utasikia: "Yule mtoto amenidharau." Ni adabu nzuri mezani na kwenye kilio. Kwenye kode, inaacha kosa likae mpaka siku litakapomgharimu mtu ambaye hata hayumo kwenye mazungumzo. Nimewaona vijana wenye akili wanaoficha kazi yao mpaka iwe "imekamilika", kwa hofu ya kuchekwa. Kazi ya namna hiyo haikamiliki kamwe, na ikikamilika, imejaa makosa ambayo rafiki angeyaona kwa dakika mbili.

Katika kazi ya pamoja, anayepitia kode ya mwenzake anazungumza juu ya mstari, hazungumzi juu ya mtu. Haandiki "haujui kazi". Anaandika: "Mstari wa 40 unamkataa mgonjwa asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa. Tufanye nini naye?" Na mwenye kode haulizi "nani amekutuma?" Anabadilisha, ao anaeleza kwa nini anabaki na wazo lake, na maelezo hayo yanabaki yameandikwa kwa atakayekuja baadaye. Hii ni tabia, na tabia inafundishwa. Hata huko ilikoanzia haikuja yenyewe: Torvalds alijulikana miaka mingi kwa kuwatukana wenzake katika barua, mpaka Septemba 2018 alipoomba radhi hadharani na kukaa pembeni kwa muda, wakati Linux ikipata kanuni mpya za mwenendo. Kwa hiyo tusijidharau. Sisi tulio na mazoea ya baraza na ya kugawana zamu kwenye likelemba tuna pa kuanzia.

Mfano wa tarehe ya kuzaliwa si wa kuchekesha. Nenda kwenye kituo chochote cha afya kijijini, Masisi ao Walungu, uone ni bibi wangapi watakaotaja mwaka bila siku. Programu inayodai siku, mwezi na mwaka ndipo ifungue ukurasa unaofuata itamlazimisha muuguzi kubuni, na muuguzi atabuni tarehe 1 Januari kwa kila mtu. Angalia majina pia. Mkongomani ana jina, postnom na prénom, lakini programu nyingi za wanafunzi zinauliza majina mawili tu, kwa sababu zimefuata somo lililoandikwa Marekani ao Ufaransa. Angalia pesa. Mama wa soko la Virunga ao la Kadutu anapokea dola kutoka kwa mteja, anarudisha franka, na kiwango cha asubuhi si kile cha jioni. Programu ya duka inayojua pesa ya aina moja tu ni pambo. Mwanafunzi anayeandika peke yake usiku anaandika kwa ajili ya mtu anayefanana naye. Weka mezani kijana ambaye mama yake anauza sokoni, na mwingine ambaye dada yake ni muuguzi, na makosa haya yanaonekana kabla ya juri, kabla ya mgonjwa.

Wala hatuzungumzi juu ya mambo ya mbali. Taarifa ambazo zoni za afya za nchi yetu zinapeleka kwa wizara zinapita kwenye programu iitwayo DHIS2, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na kode yake iko wazi kwa yeyote. Wauguzi wetu wanaijaza. Ni fakulte gani ya informatiki ya hapa inayowapa wanafunzi wake kode hiyo waisome, hata kurasa kumi, waone namna watu wa nchi mbalimbali wanavyoandika pamoja bila kugombana? Wanafunzi wa udaktari wanasoma mwili wa mtu. Wa sheria wanasoma hukumu za kweli. Wa informatiki wanasoma mifano ya ubaoni.

Kisha kuna jambo ambalo kila mtu chuoni analijua na wachache wanalisema kwa sauti: TFC zinanunuliwa. Miaka ya nyuma mtu alikwenda kwenye duka la kupiga chapa, akabadilisha jina la kituo cha afya na mwaka kwenye kazi ya zamani, ikaisha. Leo ni rahisi zaidi, ChatGPT inakuandikia kode ya stoki wakati chai inapoa. Sipigi vita mashine hizo. Kwa anayejifunza zinaweza kueleza kosa kwa Kifaransa, hata kwa Kiswahili, saa sita za usiku wakati hakuna asistanti wa kumwuliza. Lakini juri inayoona tu programu iliyokamilika haiwezi kumtofautisha aliyeelewa na aliyenakili. Historia ya Git inasaidia. Kazi iliyofanywa kweli inaonyesha miezi ya hatua ndogo, kurudi nyuma, matawi yaliyokatwa. Kazi iliyonunuliwa inaonekana imeshuka kutoka mbinguni siku moja, ikiwa nzima. Ndiyo, tarehe zinaweza kughushiwa. Lakini anayeweza kughushi miezi mitano ya makosa na masahihisho yanayoeleweka amefanya kazi kubwa kuliko TFC yenyewe, na mimi ningempa alama.

Kwa hiyo ninaziomba fakulte zetu mambo ambayo hayangoji mfadhili. Git iingie mwaka wa kwanza, wiki za kwanza, pamoja na kode yenyewe, isiachwe kama sura ya mwisho ambayo muda haukutosha kuifikia. TFC ya informatiki iruhusiwe kufanywa na watu watatu ao wanne. Na zaidi ya yote, mwanafunzi aruhusiwe kuchukua programu iliyotetewa mwaka uliopita na kuipeleka mbele, bila kuambiwa kwamba mada hiyo "imekwisha kushughulikiwa". Famasi haijali nani alianza. Inataka programu ambayo mwakani bado ina mtu wa kuitengeneza.

Niliposema wazo hili kwa walimu wawili wa chuo, mmoja alinipa pingamizi zito: "Kikundi cha wanne, mmoja anafanya, watatu wanakula matunda yake. Nitawapaje alama?" Ana haki kuogopa; sote tumesoma, tunajua kazi za kikundi zinavyokuwa. Lakini hapa ndipo chombo kinamjibu. Kila mstari una jina la aliyeuandika, kila maoni yana jina la aliyeyatoa. Mwalimu anaweza kumwita wa tatu na kumwuliza: "Tarehe hii ulibadilisha namna ya kuhesabu franka, tueleze kwa nini." Ni udhibiti mkali kuliko ule wa sasa, ambapo mtu mmoja anatetea kazi ambayo huenda hajaigusa. Kinachobaki kigumu ni kwamba kusoma historia hiyo kunachukua muda wa mwalimu, na walimu wetu wana wanafunzi wengi na mshahara mdogo. Hapo sina jibu la haraka, ila kusema kwamba asistanti anayelipwa vibaya kusoma kode ni bora kuliko anayelipwa vibaya kupiga mihuri.

Mahali pa kuweka kazi hizo hapahitaji jengo. Kuna programu za bure, kama Gitea na Forgejo, zinazofanya kazi ya GitHub ndani ya mashine ndogo ya ukubwa wa kitabu, kwa wifi ya chuo bila intaneti ya nje, ikilishwa na plake moja ya jua na betri. Fakulte ikiwa na mashine mbili za namna hiyo, moja Goma na nyingine Butembo, zikibadilishana nakala, kumbukumbu ya wanafunzi wetu ingekuwa imelindwa dhidi ya mambo mengi ninayoyaandika kila wiki katika kurasa za habari.

Kwa wewe ambaye hauko chuoni, ao umemaliza na haukuwahi kusikia haya, usingoje fakulte. Tafuteni wenzako wawili. Kitabu kinachoitwa Pro Git kipo bure kwa Kifaransa, pakueni mara moja na kugawana kwa flashi. Programu ya Kiwix inakuwezesha kusoma maswali na majibu mengi ya waandishi wa kode bila kuunganishwa. Chagueni kitu kidogo mnachokijua: likelemba ya mama, hesabu ya mafuta ya motari, orodha ya kwaya. Mmoja aandike, wawili wasome, na hakuna kinachoingia kwenye shina bila macho ya mtu wa pili. Maelezo ya kila hatua yaandikwe kwa lugha mnayoielewa wote, Kiswahili kinatosha. Sentensi "nimerekebisha" haisemi kitu. "Franka sasa zinahesabiwa kwa kiwango cha siku ya malipo" inasema.

Jihadharini na jambo moja. Historia ya Git haisahau. Ukiweka neno la siri ndani ya kode na kuituma kwenye mtandao, hata ukilifuta kesho bado liko katika hatua ya jana, na wapo wanaotafuta maneno hayo usiku na mchana kwa mashine. Hivyohivyo kwa majina ya wagonjwa. Jaribuni programu kwa majina ya kubuni, siyo kwa rejista ya kituo cha afya mliyopigwa picha kwa simu. Tuna Code du numérique tangu tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu inayohusu ulinzi wa data za watu, na hapa kwetu orodha ya majina ikiangukia mikono mibaya inaweza kumfikisha mtu pabaya kuliko mahakamani.

Mwaka wa masomo utakapofunguliwa, doyeni mmoja tu akikubali, jaribio linaweza kuanza na kazi moja iliyoko kabatini, ile ya wagonjwa kwa mfano. Mwenye nayo anatafutwa, popote alipo, Kinshasa ao Kampala, anaombwa atume kode yake. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanaisoma na kuandika wanachokiona. Kazi ya kwanza ya anayeanza haitakuwa kubwa: kuongeza nafasi ya postnom, kumruhusu bibi asiyejua siku aliyozaliwa apite, na kumsubiri mwenzake aseme kama mstari umekaa sawa.